Tulivyoshuka mlima wa Igogo na Mayu

Mwezi uliopita, pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, dada mmoja tunayeuza naye dagaa aliniambia wanahama nyumba. Naye kama mimi ana mtoto asiyekaa mwenyewe, wa miaka minne; wangu ni Mayu. Akaniuliza, "Dada, nyie mlipohama na Mayu mlianza na nini?" Wateja walikuwa wamejaa, nikamjibu haraka haraka, "Dawa. Dawa zishike mkononi." Tukaendelea kupima sado. Jioni kwenye daladala jibu lile likanikaa vibaya moyoni, maana nilimpa kipande tu. Haya ndiyo ningemwambia kama tungepata nafasi ya kukaa.

Tulikuwa tunakaa Igogo, juu mlimani. Anayeijua Mwanza anajua juu mlimani ni wapi: nyumba zimekaa juu ya mawe na katikati ya mawe, na ukuta wa choo cha huyu ndio msingi wa sebule ya yule. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwetu kulikuwa na vipandio 94. Aliyevihesabu ni mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la tatu. Alitaka kujua nusu ni kipandio cha ngapi ili ateremke kunipokea pale pale. Vingine vilikuwa mawe ya mlima wenyewe, vingine viroba vya mchanga, na viwili vya mwisho vilikuwa tairi za gari zilizojazwa kifusi.

Niliyekuwa nampandisha ni mdogo wake. Tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu amerithi jina la bibi yake mzaa baba. Ana mtindio wa ubongo. Uchungu wake ulinikaa usiku kucha na mchana wake, na alipotoka hakulia. Ubongo wa mtoto ukikosa hewa wakati wa kuzaliwa, sehemu zinazoendesha misuli zinaumia. Jeraha lenyewe haliponi, lakini haliongezeki pia. Hilo la pili nilichukua miaka mingi kulielewa, maana kila alipozidi kukakamaa nilidhani ugonjwa unapanda. Kumbe kinachobadilika ni misuli: usipoinyoosha inakaza, viungo vinafunga, nyonga inatoka mahali pake. Ndiyo maana mzazi ananyoosha kwa mikono yake asubuhi na jioni.

Mayu hasemi, lakini anasikia kila kitu. Chini ya mlima wa Igogo kuna reli na bandari ya Mwanza Kusini, na treni ikipiga honi mkono wake wa kushoto ulikuwa unapanda wenyewe, mdomo unafunguka, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Tulizoea. Nyumbani tulisema, "Treni ya Mayu hiyo," na tukaendelea na shughuli zetu.

Alipofika miaka minane alikuwa na kilo 17. Kwa mtoto wa umri huo ni kilo chache, lakini mbebe mgongoni mtu ambaye hajishiki, miguu yake inakatana kama mkasi na magoti yanakuchoma kiunoni, halafu panda vipandio 94 baada ya kutoka mazoezi hospitali. Masika moja niliteleza kwenye zile tairi. Nilianguka kwa magoti na viganja, sikumwachia. Yeye hakuumia hata ukucha. Nilikaa pale kwenye tope namwangalia, mvua inatunyeshea wote wawili, na bibi mmoja jirani anayekaanga maandazi akatoka na kanga yake kichwani, akamchukua Mayu mgongoni mwangu bila kusema neno. Usiku ule mume wangu alisema, "Tunahama." Hatukujadiliana zaidi.

Kutafuta nyumba kulichukua miezi minne. Tuliwapa madalali vigezo: pasiwe na ngazi, mlango uwe mpana, maji yawe uani, choo kisiwe cha kupanda. Wanaitikia "sawa mama, ipo," wanachukua hela ya kuonyesha, wanakupeleka kwenye nyumba yenye kizingiti cha kufika gotini. Nilijifunza kutembea na kipande cha kamba chenye fundo palipo na upana wa kiti cha magurudumu. Nikifika mlangoni naitandaza. Fundo likigusa fremu, naaga.

Nyumba tuliyoipenda zaidi tuliikosa kwa kosa langu. Tulikwenda mimi na mume wangu, tukaelewana na mama mwenye nyumba, tukabakiza kulipa tu. Siku ya kulipa nikaenda na Mayu mgongoni. Yule mama alimtazama, akanitazama, akasema wapangaji wengine hawatapenda, na kwamba tungemwambia mapema. Sikumjibu kitu. Nilipofika barabarani nililia, na nililia kwa sababu ya ule uongo wangu mdogo: nilimwacha Mayu nyumbani makusudi siku ya kwanza, nikidhani nikishalipa kodi hatakuwa na la kusema. Kama angenipokea kwa njia hiyo, ningeishi miezi sita namficha mtoto chumbani. Tangu siku ile kila nyumba tuliyokwenda kuiona tulikwenda naye, na nilimsalimisha kwanza: "Mama, huyu ni binti yangu, anaitwa Mayu, ana ulemavu, hatembei, wakati mwingine analia usiku." Mwenye kukataa akatae mapema.

Mzee aliyetupokea Buhongwa alijibu, "Karibuni. Kila nyumba ina anayelia usiku." Vyumba viwili, sebule, bomba uani, ardhi tambarare kama sinia. Kodi elfu themanini kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na dalali akachukua ya mwezi mmoja. Ukijumlisha gari la kuhamisha, ilikuwa mtaji wangu wote wa dagaa na akiba ya mume wangu ya kuchomelea mageti.

Tulipanga kuhama siku za mbalamwezi. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Mwezi ukiwaka wavuvi wanalala na sisi wa sokoni tunakaa bila kazi. Niliona ni busara: sitapoteza siku hata moja ya biashara. Sikuhesabu kwamba siku hizo hizo ndizo mfuko unakuwa mtupu, na ukihama, hela ndogo ndogo zinatoka kama maji kwenye kichanja. Balbu, kufuli, ndoo, mpakuaji anayetaka soda. Kama mnaishi kwa kipato cha kupanda na kushuka, hameni wiki ambayo pesa inaingia, hata kama mtachoka.

Sasa nifike kwenye dawa, maana ndiyo niliyomjibu dada yangu pale sokoni.

Mayu ana kifafa pia, kama watoto wengi wenye hali yake. Anameza dawa asubuhi na jioni, na tulikuwa na zaidi ya mwaka hajapata degedege. Asubuhi ya kuhama mume wangu alizichukua kwenye rafu akaziweka mahali salama. Ndani ya sufuria kubwa ya ugali, sufuria ndani ya beseni, beseni ndani ya kiroba, kiroba chini kabisa ya Canter. Tulifika Buhongwa saa tatu usiku, umeme haujaunganishwa, vitu vimerundikwa sebuleni mpaka dirishani. Nilitafuta kwa tochi ya simu mpaka chaji ikaisha. Nikajiambia dozi moja si kitu. Asubuhi tukapakua tena, hatukuziona, na duka la dawa la karibu halikuwa na dawa ile. Jioni ikafika. Usiku wa pili, kama saa nane, kitanda kikaanza kutikisika.

Nilifanya kama nilivyofundishwa: nikamlaza ubavu, nikaondoa mto, sikumtia kitu mdomoni, nikamwambia kaka yake ahesabu dakika kwenye simu. Zikizidi tano ni kukimbilia hospitali. Alikuwa anahesabu kwa sauti, "dakika moja, Mama... dakika mbili, Mama," na sauti yake ilikuwa inakatika. Degedege ilikoma kabla ya kufika dakika ya nne. Alfajiri mume wangu alimwaga viroba vyote uani, kimoja kimoja, mpaka sufuria ikaonekana. Alizishika zile dawa akakaa chini kwenye saruji, akawa hawezi kunyanyuka. Sikumlaumu, wala leo simlaumu. Dozi tatu kukatika, usingizi kukosekana, uchovu wa safari, vyote vinaita degedege, na hakuna aliyekuwa ametuambia, wala sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo dada yangu, ndiyo, dawa ushike mkononi. Lakini kabla ya hapo, mwezi mmoja kabla, nenda kliniki useme mnahama. Omba dawa za kutosha miezi miwili, omba waandike kwenye karatasi jina la dawa, kipimo, uzito wa mtoto na historia yake. Mimi nilifika zahanati mpya na mfuko wa vidonge na mdomo wangu, na mhudumu alinihoji kana kwamba nimeokota mtoto njiani. Karatasi moja ingemaliza maneno.

Kilichotuumiza zaidi, lakini, si dawa. Ni kiti.

Mayu alikuwa na kiti cha maboksi. Kiti cha magurudumu tunacho, tulipewa, ni cha mtu mzima. Ukimweka ndani anateleza na kulala ubavu kama gunia lililopungua. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ndiye aliyetufundisha kutengeneza kiti kwa maboksi na gundi ya unga wa ngano. Mtu asiyekiona haamini. Unapika uji mzito wa ngano, unapaka boksi gumu, unabandika jingine juu yake, na jingine, mpaka linakuwa ubao unene wa vidole viwili. Unaligandamiza kwa mawe usiku kucha. Likikauka linakatwa kwa kisu kikali kama mbao. Unampima mtoto kuanzia makalio mpaka nyuma ya goti, unaacha nafasi ya vidole viwili ili ukingo usimbane. Kisha kuanzia goti mpaka kisigino. Mgongo wa kiti ni kona, kuta mbili zinazokutana, ili mabega yaje mbele na mikono ikutane. Katikati ya mapaja kuna kigingi kilichoviringishwa kinachozuia miguu isikatane. Mbele kuna meza. Mwisho unabandika vipande vidogo vya gazeti kote mpaka hakuna mshono unaoonekana, unakianika siku kadhaa, unapaka rangi ya mafuta. Cha Mayu kilikuwa cha bluu. Tulikitengeneza wiki tatu, na siku alipokaa ndani yake kwa mara ya kwanza, kichwa kimesimama, aliiangalia mikono yake mwenyewe juu ya meza kama vitu vipya alivyoletewa.

Kiti kile kilipandishwa juu kabisa ya Canter, juu ya magodoro, kwa heshima, ili kisigandamizwe. Tulipofika Butimba mvua ikashuka. Turubai lilikuwa limefunika kabati na televisheni ya jirani aliyeomba lifti ya mzigo wake. Rangi ingekinga manyunyu, lakini chini tulikuwa hatukupaka, na maji yalituama pale kwenye godoro, kikayanywa kwa chini. Kilipoteremshwa, miguu yake ilikuwa imerudi kuwa uji. Nilipokishika, vidole viliingia.

Ukiniuliza kwa nini nalilia maboksi, nitakueleza. Bila kiti kile nilimlisha mapajani, nusu amelala. Mtoto asiyemudu misuli ya koo akilishwa kichwa kimelala nyuma, chakula kinapita njia ya hewa. Anakohoa, macho yanatoka machozi, kisha siku mbili baadaye kifua kinakoroma. Nilijua. Nilimlisha hivyo hivyo, na tonge moja likawa dakika mbili, sahani moja ikawa saa nzima na nusu. Wiki ya tatu Buhongwa tulipompima alikuwa na kilo 15 na nusu. Nilikuwa nimetafuta ardhi tambarare kwa ajili yake, na kwenye tambarare ile alikuwa anakwisha.

Usiku pia hakulala. Alikuwa akilia kilio kirefu cha sauti moja, kuanzia kama saa tano, macho wazi. Nilimpima joto, nilimwangalia masikio, nilimkanda tumbo, nilimgeuza. Mama mkwe alikuja kutoka Magu akasema nyumba iombewe, tukaiombea. Aliyenifumbua macho ni kijana wangu. Alikuwa mlangoni, shuka begani, akasema, "Mama, hasikii treni." Nikanyamaza. Kweli. Kwetu Igogo usiku haukuwahi kuwa kimya: reli, malori, bibi wa maandazi akichochea moto saa tisa, mtu anashuka mlima anaimba. Mayu haoni vizuri kwa mbali. Nyumba yake yote ilikuwa kwenye masikio. Sisi tulihamisha kitanda chake, tukaacha nyumba yake kule.

Na si sauti za vyombo tu. Mlimani njia yetu ilipita kwenye baraza za watu, hakukuwa na nyingine. Kila niliposhuka naye alisalimiwa, "Mayu, mwadila!" "Mayu, umependeza," "Mayu njoo nikupe andazi." Nadhani kwa siku jina lake liliitwa mara ishirini. Nilizichukia sana zile tairi mpaka sikuona kwamba vipandio vile vile vilivyonivunja mgongo ndivyo vilivyompitisha mtoto kwenye milango ya watu. Buhongwa kuna nafasi, kila mtu ana ukuta na geti. Wiki mbili nzima hakuna aliyemwita jina nje ya sisi watatu.

Hapa niseme habari ya huyu kijana wangu, maana dada yangu wa sokoni naye ana mkubwa. Alikuwa darasa la sita. Igogo alikuwa na timu yake ya mpira, na ndiye aliyekuwa akinipokea Mayu kipandio cha 47. Nilidhani kuhama kutampumzisha. Akawa hasemi. Anatoka shule, anatupa begi, analala. Siku moja nilimwomba amshikie dada yake kichwa nimlishe, akaweka kikombe chini kwa nguvu akasema, "Kila kitu ni Mayu. Nyumba ya Mayu, gari la Mayu, shule nimehama kwa ajili ya Mayu." Mume wangu akainuka. Nikamshika mkono. Kwa sababu alichosema kilikuwa kweli, na mtoto akisema kweli nyumbani kwake hapigwi.

Tulikaa naye usiku ule sisi watatu, Mayu amelala. Baba yake alimwomba msamaha, kwa maneno hayo hayo, "Samahani mwanangu, hatukukuuliza." Sikuwahi kumsikia mume wangu akimwambia mtoto samahani. Kijana aliinamisha kichwa, machozi yanadondokea magotini. Kisha akasema anataka Jumamosi awe anarudi Igogo kucheza, nauli apewe. Tukakubali. Ni nauli tu. Kila Jumamosi mpaka leo anakwenda, na siku ya kwanza alirudi na kitu ambacho hakuna aliyemwagiza: alikuwa amesimama karibu na reli akarekodi honi ya treni kwenye simu yangu ya zamani. Sekunde kama ishirini hivi, kuna na sauti ya mbwa humo ndani. Tulimwekea Mayu usiku. Mkono wa kushoto ukapanda.

Sitasema kilio kiliisha usiku ule. Kilipungua taratibu, na kuna siku kilirudi. Lakini ningeanza upya, ningempeleka Mayu kwenye nyumba mpya kabla ya kuhamia, mara tatu, mara nne, akae sakafuni asikie dari lake na upepo wake, arudi. Ningechukua shuka lake bila kulifua, lije na harufu. Na ningeanza kukitandika kitanda chake kabla ya kupanga kikombe chochote kabatini.

Kiti kipya tulianza kukitengeneza wiki ya nne. Sikuwa na maboksi. Buhongwa sikuwa namjua mwenye duka hata mmoja, na kule Kirumba nilikuwa nayapata bure. Nikaweka kiburi pembeni, nikambeba Mayu, nikapita duka hadi duka: "Shikamoo baba, naomba boksi tupu, nataka kumtengenezea mwanangu kiti." Wengine walidhani naomba hela. Mmoja aliniambia boksi ni shilingi mia tano. Lakini lazima waulize, "Kiti cha boksi kinakaaje?" na ukishaulizwa hivyo umeshapata mazungumzo. Siku ile jina la Mayu liliitwa mara sita. Nilihesabu.

Uani tuliweka jiko la mkaa na sufuria ile ile ya ugali, tukapika gundi. Uji wa ngano unanukia, watoto wa jirani wakachungulia getini. Nikawaita. Kwa saa moja walikuwa saba, mikono imejaa gundi mpaka viwikoni, wanabandika magazeti. Mayu alikuwa kwenye mkeka katikati yao. Mtoto mmoja wa kama miaka mitano akaniuliza, "Huyu anaumwa?" Nikamwambia, "Haumwi. Misuli yake haimsikilizi, ndiyo maana tunamtengenezea kiti." Akafikiri, akasema, "Basi tuweke pembeni na kuta ndefu asidondoke." Nilimkumbatia na gundi zangu. Mama yake alikuja kumfuata magharibi, akanikuta nafua nguo kwenye bomba, akakaa. Yeye ndiye leo anayebaki na Mayu ninapoondoka saa kumi alfajiri kwenda Mwaloni, nami namletea dagaa, na hatujawahi kuandikiana bei.

Kosa la kwanza hatukulirudia: kiti hiki tumekipaka rangi chini, tabaka tatu, na mume wangu amekichomelea miguu mifupi ya chuma ili kisiguse sakafu yenye maji. Alipokaa ndani yake tulimlisha ugali laini na mchuzi wa sato, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kutoka chini si kutoka juu. Dakika ishirini na tano. Miezi miwili baadaye alikuwa kilo 17 na robo.

Habari ya shule nitaigusa kidogo tu, bado tuko njiani. Kuna aliyeniambia mtoto kama huyu kazi yake ni kula na kulala. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanielekeza kwa afisa ustawi wa jamii, naye akanieleza kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa Mayu haki ya kusoma kama mwenzake. Nilikuwa naomba kama hisani miaka yote hiyo. Sasa nakwenda ofisini naongea tofauti, hata mgongo unanyooka. Shule yenye kitengo cha watoto kama yeye ipo, ila ni mbali, na usafiri wa kila siku hatujaupatia jibu. Bajaji kwenda na kurudi inakula faida yote ya dagaa. Tunaendelea kutafuta.

Bibi wa maandazi alikuja kututembelea Desemba. Alipanda daladala na uzee wake, na mfuko wa maandazi ya moto ameufunga kwenye kanga. Alisimama getini akaita, "Mayu, mwadila!" kabla hata hajaonekana. Nilikuwa nimempa Mayu mgongo, nachambua mchicha. Nilisikia meza ya kiti ikigongwa, moja, mbili, tatu. Nikageuka. Alikuwa anagonga kwa mkono wa kulia, ule ambao mtaalamu wa mazoezi alisema tusiutarajie sana.

Juzi nimempima tena. Magoti yamesogea mbele, ukingo wa kiti unambana, zile nafasi za vidole viwili zimekwisha. Chini ya kitanda nimeshakusanya maboksi tisa, na mtoto wa jirani ameleta la televisheni, kubwa, la unene mzuri.